Vijenzi vingapi? Kuamua idadi katika modeli za fluoresensi, kwa mfano wa maji ya Mto Sabaki

Kaskazi inapovuma baada ya mvua za bara, maji ya udongo ya Mto Sabaki husukumwa kusini hadi Ghuba ya Malindi na kuelekea kwenye mwamba wa hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968. Udongo huo kila mtu anauona. Visivyoonekana ni vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji hayohayo: mabaki ya majani yaliyooza, protini za vijidudu, majitaka ya mijini, rangi inayotoka kwenye mikoko. Njia mojawapo ya kuvifuatilia ni fluoresensi. Unayamulika maji kwa mwanga wa rangi moja, kisha unapima mwanga wa rangi nyingine unaotoka. Kupima ni kazi ya siku chache. Kinachowakwamisha watu ni swali linalofuata, wanapokaa mbele ya kompyuta: modeli yangu iwe na vijenzi vingapi, yaani vitu vingapi tofauti vinavyong'aa ndani ya maji haya?

Swali hili huulizwa kana kwamba lipo kitufe cha kubonyeza ili namba itokee. Hakipo, na katika makala hii nataka kueleza kwa nini hakipo na mtu makini anafanya nini badala yake. Namba ya vijenzi ni dai kuhusu kilichomo majini. Dai hilo hutetewa kwa ushahidi wa aina mbalimbali, na kila ushahidi una upande wake wa udhaifu, kwa hiyo ni lazima ujue udhaifu wa kila mmoja kabla ya kuuita.

Mwanga unaoingia, mwanga unaotoka

Maji huchujwa kwanza ili udongo ubaki kwenye chujio, kisha humiminwa katika kichupa cha mraba cha kwatsi, maana kioo cha kawaida hufyonza mwanga wa urujuanimno. Spektrofluorometa inakimulika kichupa kwa urefu mmoja wa wimbi, tuseme nanometa 250, na kusoma mwanga unaotoka kuanzia nanometa 300 hadi 550. Inasogea hadi 255, inasoma tena. Halafu 260, na kuendelea. Mwishoni kila sampuli ina jedwali lake, na jedwali hilo likichorwa linatoa ramani yenye vilima.

Kila kilima kina mahali pake. Mwaka 1996 mtafiti Paula Coble aliviorodhesha vilima vya maji ya bahari kwa herufi ambazo zinatumika mpaka leo. A na C ni vya humiki, yaani mabaki ya mimea yaliyooza. M nacho ni cha jamii ya humiki, ila kilihusishwa zaidi na bahari. B na T ni vya protini: B hung'aa kama tirosini na T kama triptofani. Kilima T hukaa karibu na nanometa 275 kwa mwanga unaoingia na 340 kwa unaotoka, na ndicho kinachotazamwa sana na wanaofuatilia majitaka mitoni. Sabaki huanzia bara kwa jina la Athi, hupokea maji yanayotoka Nairobi, huitwa Galana baada ya kuungana na Tsavo, na hufika kwetu ikiwa Sabaki. Kwa mto wenye safari kama hiyo, kilima T kina uzito mkubwa.

Taabu ni kwamba vilima hupandana. Mguu wa A unaingia chini ya T, M unajificha ubavuni mwa C, na kusoma urefu wa kilima kimoja ni kusoma pia majirani zake. Hapo ndipo modeli inapohitajika.

Ukiyapanga majedwali ya sampuli zote moja nyuma ya lingine, unapata mchemraba wa namba wenye pande tatu: sampuli, mwanga unaoingia, mwanga unaotoka. Njia ya PARAFAC huuchambua mchemraba huo. Misingi yake ya hisabati ilichapishwa na Frank Hitchcock mwaka 1927. Mwaka 1970 Richard Harshman aliipa jina la PARAFAC, na mwaka huohuo Carroll na Chang wakaifikia kwa njia yao na kuiita CANDECOMP. Harshman, Carroll na Chang walikuwa wanashughulika na vipimo vya saikolojia. Wanakemia walikuja kuichukua baadaye. PARAFAC inadai kwamba kila kijenzi kina mambo matatu tu: kiasi chake katika kila sampuli, umbo lake la kufyonza mwanga, na umbo lake la kutoa mwanga. Zidisha matatu hayo, jumlisha vijenzi vyote, na kinachobaki kiite masalio.

Dai hilo lina mguu katika fizikia. Kanuni ya Kasha ya mwaka 1950 inasema kwamba molekuli iliyosisimka kwa kawaida hushuka kwanza hadi ngazi ya chini kabisa ya msisimko kabla ya kutoa mwanga. Kwa hiyo umbo la mwanga unaotoka halibadiliki hata ukibadilisha mwanga unaoingia. Kinachobadilika ni ukali wake. Na kama maji si mazito mno, ukali huo unakwenda sambamba na kiasi cha kitu kilichomo. Zao la mambo matatu linatoka hapo.

Kuna jambo jingine linalonifanya niipende njia hii. Jedwali lenye pande mbili peke yake linaweza kugawanywa kwa namna zisizohesabika, zote zikiwa sawa kihisabati, na huna sababu ya kuchagua moja. Mchemraba wa pande tatu una jibu moja tu iwapo masharti fulani yametimia, na masharti hayo aliyathibitisha Joseph Kruskal mwaka 1977. Ndiyo maana tunathubutu kutarajia kwamba kijenzi kinachotoka kwenye hesabu kinaweza kuwa kitu chenyewe kilichomo ndani ya maji.

Lakini jibu moja linahitaji tofauti kati ya sampuli. Fikiria alfajiri katika mji wa zamani wa Malindi, misikiti kadhaa inaadhini kwa pamoja. Ukisimama mahali pamoja utasikia sauti zilizochanganyika na huenda usijue ni waadhini wangapi. Tembea mitaa kadhaa: huku sauti moja inakuwa kubwa, kule inafifia na nyingine inapanda, na polepole unazitenganisha. Waadhini wawili walio kwenye mnara mmoja, wanaopanda na kushuka pamoja popote uendapo, watabaki sauti moja masikioni mwako. Sampuli ndiyo mtaa uliposimama. Vitu viwili vinavyoongezeka na kupungua pamoja katika sampuli zako zote havitatenganishwa na modeli yoyote, hata kama kimaumbile ni viwili.

Namba inayopanda siku zote

Jaribio la kwanza la kila mtu ni kutazama kiasi cha data kilichoelezwa na modeli. Vijenzi viwili vinaeleza asilimia fulani, vitatu zaidi, vinne zaidi tena. Tatizo ni kwamba asilimia hiyo haishuki kamwe unapoongeza kijenzi. Modeli kubwa inaweza kufanya kila ilichofanya modeli ndogo na bado ikabakiwa na nafasi ya kumeza kelele, yaani makosa madogo ya kubahatisha ya upimaji. Katika data za maji asilia, modeli nzuri aghalabu zinapita asilimia 99, na hata modeli mbovu zinafika hapo, kwa sababu humiki ina nguvu kubwa kiasi kwamba ukiipata humiki tu umeshapata karibu data yote. Kilima kidogo cha protini unachokitafuta kinaweza kuwa chote ndani ya asilimia moja iliyosalia. Kwa hiyo asilimia hii inakuambia pale tu modeli inapokuwa duni mno. Haina la kusema kuhusu iliyozidi.

Na kosa linaweza kwenda pande zote mbili. Ukichagua vijenzi vichache, vitu viwili vinabanwa kuwa kimoja chenye umbo ambalo halipo duniani. Ukizidisha, kitu kimoja kinapasuliwa, na kiasi chake kinagawanywa kati ya vipande. Anayefuatilia majitaka akiwa na T iliyopasuliwa katikati atasoma kipande kimoja na kudhani mto umesafika.

Asidi amino tatu na ulinganifu wa kiini

Kabla ya kuingia mtoni ni vyema kuona hali ambapo jibu linajulikana. Ipo data ya kufundishia ambayo Rasmus Bro aliisambaza katika miaka ya 1990: sampuli 5 za maabara zenye tirosini, triptofani na fenilalanini katika michanganyiko tofauti. Mwanga unaoingia ulipimwa katika mawimbi 61 na unaotoka katika mawimbi 201. Mchemraba huo una namba 61,305. PARAFAC ya vijenzi vitatu inaueleza kwa namba 801 tu, na maumbo inayoyatoa ndiyo ya asidi amino zenyewe. Sampuli tano! Kila ninapolirudia zoezi hili huona uzuri wa hisabati iliyokutana na fizikia inayoistahili.

Data hii inafaa kueleza kipimo kinachoitwa ulinganifu wa kiini, ambacho Bro na Henk Kiers walikichapisha mwaka 2003. PARAFAC inadai kwamba kijenzi cha kwanza katika upande mmoja wa mchemraba kinashirikiana na cha kwanza tu katika pande nyingine, cha pili na cha pili, basi. Sasa chukua maumbo yaliyopatikana, kisha iulize data: ukiruhusiwa kuchanganya kijenzi chochote na chochote, ungechanganya vipi? Majibu yanawekwa kwenye mchemraba mdogo, ndio kiini. Kwa vijenzi vitatu kiini kina visanduku 27. Vitatu vya mshazari vinapaswa kuwa na 1, na 24 vilivyobaki viwe na sufuri. Kadiri hali halisi inavyokaribia picha hiyo, kipimo kinakaribia asilimia 100. Kikiwa karibu na 50 shaka imeingia. Kikikaribia sufuri au kwenda hasi, data inasema mchanganyiko wa PARAFAC haumo ndani yake kwa idadi hiyo. Kwa asidi amino tatu kipimo kinakaa juu kabisa kwenye vijenzi vitatu, na kinaporomoka kwenye vinne. Mwanafunzi anafurahi, anachukua kanuni hiyo, anashuka nayo Sabaki.

Mtoni inamwangusha. Kwa vijenzi sita kiini kina visanduku 216, na 210 kati yake vinatakiwa kuwa sufuri. Kelele kidogo tu, au vijenzi viwili vyenye maumbo yanayofanana, vinatosha kuvijaza. Watafiti wa maji asilia wamezoea kuona kipimo hiki kikianguka mapema, kwenye vijenzi vitatu au vinne, wakati ushahidi mwingine wote unaunga mkono vitano au zaidi. Sababu moja ni ya kikemia. Humiki haiko kama asidi amino. Ni mkusanyiko wa molekuli nyingi mno, na wapo wanaoonyesha kwamba sehemu ya mng'ao wake hutokana na chembe za elektroni kuhama kutoka sehemu moja ya molekuli hadi nyingine, jambo linaloifanya kanuni ya Kasha isifuatwe kikamilifu. Kijenzi cha humiki ni muhtasari mzuri wa kundi.

Mimi hukitumia kipimo hiki kwa upande mmoja. Kikiwa juu, naamini. Kikiwa chini, naenda kutafuta sababu, na siitupi modeli mpaka niione.

Kiwi cha mchanganyiko wa mto na bahari

Sababu ya mara kwa mara kwa anayefanya kazi mdomoni mwa mto ni hii. Tuseme umechukua sampuli kuanzia juu ya daraja la Sabaki, ukapita mdomoni, ukaingia ghubani, hadi kwenye mwamba. Kadiri unavyokwenda, maji ya mto yanazimuliwa na maji ya bahari. Humiki inapungua, protini inapungua, kila kitu cha bara kinapungua kwa pamoja. Wale waadhini wawili wamepanda mnara mmoja. Modeli haioni vitu vinne. Inaona maji ya mto, mengi au machache.

Dawa yake ni kugawanya jedwali la kila sampuli kwa ukubwa wake wa jumla kabla ya kujenga modeli, ili sampuli zote zilingane kwa nguvu na zitofautiane kwa muundo tu. Modeli ikishapatikana, unarudisha ukubwa ule na kupata viasi halisi. Zana zinazotumiwa sana, kama drEEM iliyotoka mwaka 2013, zina hatua hii. Mara nyingi baada yake vijenzi vilivyokuwa vimeng'ang'aniana vinaachana na maumbo yanakuwa laini. Ina gharama yake lakini: sampuli hafifu za mwambani, zenye kelele nyingi, sasa zina sauti sawa na za mtoni. Kama kijenzi kipya kimejitokeza baada ya hatua hii, tazama kinaishi katika sampuli zipi. Kikiwa kinaishi katika zile hafifu tu, kishuku.

Kuna mtego wa pili wa mdomo wa mto, na huu unatokea kabla ya modeli. Maji mazito ya masika hufyonza mwanga mwingi kabla haujafika katikati ya kichupa, na hufyonza tena sehemu ya mwanga unaotoka. Ramani ya vilima inapinda, hasa upande wa mawimbi mafupi, na inapinda zaidi kadiri maji yalivyo mazito. Hapo umbo linategemea kiasi, na msingi wa PARAFAC umevunjika. Modeli itajitafutia kijenzi cha ziada cha kuubeba upindo huo, na kijenzi hicho kitaonekana katika sampuli nzito pekee, kama kitu cha masika. Pima ufyonzaji wa kila sampuli na usahihishe, au zimua maji kwa maji safi kabla ya kupima. Hakuna kipimo cha idadi ya vijenzi kitakachokuokoa baadaye.

Kusoma masalio

Ushahidi ninaoupa uzito kuliko wote hauna namba. Ni ramani za masalio, sampuli kwa sampuli, zilizotazamwa kwa macho. Modeli iliyotosheka huacha masalio yasiyo na sura: madoa madogo yametapakaa, chanya na hasi, bila mpangilio. Modeli iliyopungukiwa huacha kilima. Tazama, kwa mfano, masalio ya vijenzi vitatu katika sampuli ya mtoni: ukiona doa chanya la mviringo karibu na 275 kwa 340, limezungukwa na mfereji hasi, hapo kuna kitu cha aina ya triptofani ambacho modeli ilijaribu kukimezesha ndani ya humiki ikashindwa. Kama doa hilohilo linarudi katika sampuli nyingi za mto na kufifia kuelekea baharini, ongeza kijenzi.

Sasa lije doa jingine, hafifu, karibu na 275 kwa 303. Moyo unaruka: tirosini, kilima B! Subiri. Maji yenyewe hutawanya mwanga kwa namna ya Raman, yakiupunguzia nishati kwa kiasi kisichobadilika cha takriban 3,400 kwa kipimo cha mawimbi kwa sentimita. Fanya hesabu: mwanga unaoingia ukiwa 275, mstari wa Raman unaangukia karibu na nanometa 303, palepale inapong'aa tirosini. Namna ya kuvitofautisha ni kusogea. Weka mwanga unaoingia kwenye 265, mstari wa Raman unahamia kama 291. Weka 285, unakwenda kama 316. Tirosini haihami, inang'aa karibu na 303 hadi 305 popote unapoimulika, ikipoteza nguvu tu. Kwa hiyo, kwenye ramani iliyochorwa mwanga unaotoka kwa ulalo na unaoingia kwa wima, doa lililolala mshazari ni mabaki ya Raman ambayo hayakuondolewa vizuri, na lililosimama wima ni kitu kilichomo majini. Modeli nyingi zimepewa kijenzi cha tano cha tirosini kwa sababu hakuna aliyetazama mshazari huo.

Baada ya masalio, tazama maumbo ya vijenzi vyenyewe. Umbo la kitu halisi ni laini. Lenye meno ya msumeno au lililokatwa ghafla palepale mtawanyiko ulipofutwa ni la kutiliwa shaka. Kilele cha mwanga unaotoka lazima kiwe kwenye wimbi refu kuliko kilele cha mwisho cha mwanga unaoingia. George Stokes alilieleza hilo mwaka 1852, na kijenzi kinacholivunja hakina makao katika maji yoyote. Vijenzi viwili vyenye maumbo karibu pacha, kimoja kikipanda katika sampuli ambazo kingine kinashuka, ni kitu kimoja kilichopasuliwa.

Hapo pia ndipo mahali pa kutazama sampuli inayovuta modeli peke yake. Chupa moja iliyoingiwa na mafuta ya mashine ya boti inaweza kudai kijenzi kizima. Iondoe, jenga upya, uone kama kijenzi kimeondoka nayo. Kikiondoka, kiandike kama habari ya chupa ile.

Nusu kwa nusu

Jaribio linaloheshimiwa zaidi katika maandiko ya fani hii, nalo lina asili kwa Harshman, ni kugawanya sampuli katika makundi, kujenga modeli katika kila kundi bila kuliambia jingine, na kulinganisha. Kama vijenzi vitano vimo kweli majini, makundi yote mawili yatavipata vilevile. Kelele haijirudii. Kwa desturi sampuli hugawanywa mafungu manne, tuyaite A, B, C na D, yakaunganishwa mawili mawili: AB dhidi ya CD, AC dhidi ya BD, AD dhidi ya BC. Ufanano wa maumbo hupimwa kwa kizigeu cha Tucker, namba inayokuwa 1 maumbo yakiwa sawasawa, na kiwango kinachotumika ni kuzidi 0.95.

Ninalisisitiza jaribio hili, na kwa hiyo ni lazima niseme linapodanganya. Kwanza, marudio. Ukijaza chupa tatu kutoka mahali pamoja, saa ileile, na mgawanyo ukaziweka nusu zote mbili, umejilinganisha na nafsi yako. Marudio yote yakae fungu moja. Pili, makosa ya kifaa hayajali mgawanyo: mabaki ya Raman yapo katika kila sampuli, yatatokea nusu zote mbili, na yatapita mtihani kwa alama za juu. Tatu, maumbo mapana, laini na yasiyo na namba hasi hufanana kwa urahisi, hivyo 0.95 si mlango mwembamba kama unavyosikika. Chora yote mawili juu ya karatasi moja. Kilele kilichohama nanometa 15 kinaonekana kwa jicho mara moja.

La nne ni la pwani yetu zaidi. Mtu anagawanya kwa msimu, kaskazi huku na kusi kule, akiona ni mgawanyo wa haki. Kaskazi huleta maji ya Sabaki kwenye ghuba na mwamba. Kusi huyapeleka kaskazini. Kijenzi cha mto kinaweza kukosa nafasi katika nusu ya kusi na kushindwa mtihani, ilhali ni halisi. Mgawanyo huo ni mzuri sana kwa swali la misimu, na ni mbaya kwa swali la idadi. Kwa idadi, kila fungu lipate mto, mdomo, ghuba na mwamba, na lipate misimu yote.

Kabla hata ya kugawanya, rudia hesabu ya modeli ileile kutoka mianzo mingi ya kubahatisha. Algoriti hutafuta kwa zamu, ikishikilia pande mbili za mchemraba na kurekebisha ya tatu, na inaweza kukwama mahali pasipo bora. Mianzo karibu yote ikikutana kwenye maumbo yaleyale, vizuri. Kila mwanzo ukikupa kijenzi cha sita chenye sura yake, huna cha sita.

Vinapobaki viwili

Ukifanya yote haya kwa uaminifu, kwa kawaida unabaki na namba mbili jirani. Tuseme vinne na vitano. Vinne vina kiini kizuri na vinapita nusu kwa nusu bila shida, ila masalio ya sampuli za mtoni bado yana kilima wima kwenye eneo la M. Vitano vinasafisha masalio hayo, vinapita migawanyo miwili kati ya mitatu, na kiini kimeshuka. Hapo uamuzi ni wako na unategemea unachokitafuta. Kama swali ni majitaka, angalia T: umbo lake na kiasi chake vikiwa vilevile katika modeli zote mbili, jibu lako halitegemei mzozo huu, chukua vinne na uandike hivyo. T ikibadilika unapotoka vinne kwenda vitano, mzozo unakuhusu, na kinachohitajika ni sampuli zaidi kutoka pale vitu viwili hivyo vinapoachana. Maji ya mikoko iliyo mbali na mto yanafaa, au maji ya mto wakati wa kiangazi kabla hayajakutana na chumvi.

Wengi hukimbilia kulinganisha vijenzi vyao na vya watafiti wengine katika hifadhidata ya OpenFluor. Ni msaada mkubwa na ninashauri ufanyike, lakini mwishoni. Kijenzi kilichowahi kuonekana mahali pengine kinapata uzito. Kisichowahi kuonekana hakijapoteza kitu, maana mito ya tropiki yenye udongo mwekundu haijapimwa kama ile ya Ulaya na Marekani. Ukianza na hifadhidata, utachagua idadi inayokupa majina unayoyajua.

Unapoandika matokeo, weka modeli zote mbili zilizofikishwa fainali, masalio ya sampuli chache kutoka kila eneo, namna ulivyogawanya mafungu, na idadi ya mianzo iliyokutana. Andika pia kwamba kiasi cha kila kijenzi ni ukali wa mng'ao wala si gramu kwa lita, kwa sababu msomaji wa ofisi ya maji atakisoma hivyo usipomwambia. Kisha mvua nyingine zikinyesha na chupa mpya zikaletwa, zipitishe kwenye modeli iliyopo bila kuijenga upya, na utazame masalio yake yakilinganishwa na ya zamani. Yakiwa bila sura, modeli bado inatosha. Kilima kipya kikisimama wima mahali ambapo hapakuwa na kitu, rudisha sampuli zote kwenye mchemraba mmoja na uanze kuhesabu vijenzi tena.